Rozari Bila Padre

Wahubiri wa mwezi wa Oktoba wakitaka kueleza nguvu ya rozari, wengi huenda moja kwa moja Lepanto. Tarehe 7 Oktoba 1571 merikebu za mataifa ya Kikatoliki zilizishinda za Waturuki katika maji ya Ugiriki, na Papa Pio wa Tano, aliyekuwa amewahimiza waumini kusali rozari, akaamuru siku hiyo ikumbukwe kwa heshima ya Bikira Maria. Ndiyo sikukuu ya Rozari tunayoijua. Simulizi hii inapendeza, ila siku ile ilikuwa na mizinga pia, tena mingi, na hakuna mizani inayoweza kutenganisha kazi ya baruti na kazi ya sala. Anayetaka kuiona rozari ikiwa imebaki yenyewe, haina jeshi, haina kanisa, haina hata padre wa kuiongoza, na aende Japani.

Njia ya kwenda huko ilipita kwetu. Mwaka 1542 merikebu iliyomchukua Mjesuiti Fransisko Ksaveri kutoka Msumbiji kwenda Goa ilitia nanga Malindi. Katika barua aliyoandika baadaye mwaka huohuo anasimulia mazungumzo yake na mzee mmoja mwenye cheo wa mji ule, Mwislamu, aliyemuuliza kama Wakristo nao wamelegea katika sala. Mzee alilalamika kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi, iliyokuwa ikijaa watu zamani, sasa ni mitatu tu iliyokuwa ikisaliwa. Viongozi wa dini hawajaacha kulalamika hivyo hadi leo. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Ksaveri alishuka Kagoshima, kusini mwa Japani.

Wajapani hawakuhitaji kufundishwa kwamba mtu anaweza kumwomba Mungu huku anahesabu shanga. Wabudha wao walikuwa nazo, kama Waislamu wa Malindi walivyokuwa na tasbihi zao. Rozari ikapokelewa upesi. Wakati ule ilikuwa na matendo 15: matano ya furaha, matano ya uchungu, matano ya utukufu. Matendo ya mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002. Hesabu ya Salamu Maria 150 ilitokana na zaburi 150. Watawa waliojua kusoma walisali zaburi, na mkulima asiyejua kusoma akapewa njia ya kuwafuata bila kitabu. Mapokeo yanasema Bikira Maria mwenyewe alimkabidhi Mtakatifu Dominiko rozari, lakini wanahistoria, wakiwemo wa Kanisa, wanaona sala hii ilikua polepole kwa karne kadhaa, na kwamba simulizi ya Dominiko ilienezwa zaidi na mfuasi wake wa karne ya 15, Alano wa Rupe.

Huyu Alano aliacha kitu kingine kilichokuja kuwa na maana kubwa kuliko simulizi yake: vyama vya rozari. Mwaka 1475 Wadominiko walianzisha chama cha namna hiyo katika mji wa Cologne, Ujerumani, na vikaenea Ulaya yote. Tajiri na maskini waliandikwa katika daftari moja, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja akaahidi kusali sehemu yake na kuwaombea wenzake. Kazi ya kila siku ya chama ilifanywa na walei. Padre alikuja akaondoka, nao wakaendelea kukutana. Ulaya ya wakati ule, iliyojaa mapadre kila mtaa, haikuwa na sababu ya kuona uzito wa jambo hilo.

Japani sababu ilipatikana mapema. Mwaka 1587 mtawala Toyotomi Hideyoshi alitoa amri ya kuwafukuza wamisionari. Tarehe 5 Februari 1597 Wakristo 26 walisulubiwa juu ya kilima cha Nishizaka, Nagasaki, wakiwemo Mjesuiti Paulo Miki na wavulana watatu ambao hawakuwa wamefikisha miaka 15. Kisha, mwaka 1614, serikali ya akina Tokugawa, watawala walioitwa shoguni, ilipiga marufuku Ukristo katika nchi nzima. Makanisa yakabomolewa, mapadre wakapakiwa merikebuni kwenda Macau na Manila. Wakristo walikuwa wamefikia karibu 300,000.

Mapadre wachache walijificha nchini, na wengine wakarudi kwa siri. Miaka hiyo ndiyo vyama vilipozidi kuenea. Wajesuiti walikuwa na vyama vya Bikira Maria, Wadominiko vya Rozari, na mashirika hayo mawili, ni lazima isemwe, yaligombania waumini hata wakati kamba iko shingoni. Vitabu navyo vilikuwepo. Mwaka 1607 Wajesuiti walichapisha Nagasaki kitabu cha mazoezi ya kiroho chenye tafakari za matendo ya rozari kwa Kijapani, na mwanzoni mwa miaka ya 1620 Wadominiko wakachapisha vingine Manila, vya kuingizwa Japani kwa magendo. Aliyesalimisha kitabu kwa askari alikuwa tayari amejifunza yaliyomo kwa moyo.

Hapo mateso yakawa makali. Mwaka 1622 watu 55 waliuawa siku moja palepale Nishizaka, baadhi kwa moto na wengine kwa kukatwa vichwa, na miongoni mwao walikuwemo watoto. Mwaka 1637 alifia Nagasaki Lorenzo Ruiz wa Manila, mtu mwenye mke na watoto, mwanachama wa chama cha Rozari, ambaye leo ni mtakatifu wa kwanza wa Ufilipino. Mwaka huohuo wakulima wa Shimabara, waliochoshwa na kodi na njaa na wengi wao wakiwa Wakristo, waliasi, na mwaka uliofuata wakauawa kwa makumi ya maelfu ndani ya ngome ya Hara. Serikali ikawafukuza Wareno wote mwaka 1639. Padre wa mwisho aliyekuwa akihudumu kwa siri, Mjapani aitwaye Konishi Mancio, aliuawa mwaka 1644. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 200, hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala Ekaristi, wala askofu.

Serikali haikutosheka na kuua, maana ilikuwa imejifunza kwamba mfiadini mmoja huzaa waumini kumi. Ikabuni njia ya kuwavunja moyo. Kila familia iliandikishwa katika hekalu la Kibudha, na mtawa wa hekalu ndiye aliyethibitisha kwamba si Wakristo. Wakristo wa siri wakazikwa kwa ibada ya Kibudha wapende wasipende. Mkoani Nagasaki kila mwaka mpya watu waliitwa, nyumba kwa nyumba, kukanyaga sanamu takatifu mbele ya maofisa. Baadhi ya sanamu hizo zilikuwa mabamba ya shaba waliyonyang'anywa Wakristo wenyewe, yakapachikwa kwenye ubao. Yako hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Tokyo, na mojawapo lina picha ya Bikira Maria wa Rozari. Nyuso zimesagika kwa nyayo.

Wazao wa waliokanyaga ndio historia hii inaowahusu, na hapo mahubiri mengi hukwama. Tumezoea kuwasifu waliokataa na kufa. Lakini waliokataa walikwisha. Imani ilipita kwa wale waliokanyaga, wakarudi nyumbani, wakafunga mlango, wakasali sala ya majuto. Walikuwa wameachiwa mafundisho maalumu kuhusu toba kamili, yanayosema kwamba mtu asiyeweza kumpata padre anaweza kusamehewa kwa kujuta kwa moyo wote. Wakaisoma sala hiyo kizazi baada ya kizazi. Sioni haki ya kuwahukumu. Mama mwenye watoto watano, anayejua kwamba akikataa kukanyaga hakuna atakayebaki kuwafundisha Salamu Maria, alifanya hesabu ambayo wanateolojia wa Roma hawakulazimika kuifanya.

Katika mkoa huo wa Nagasaki, kwenye vijiji vya Urakami na Sotome, visiwa vya Goto na kisiwa cha Ikitsuki, vile vyama vya zamani viligeuka kuwa kanisa zima. Urakami ilikuwa na ngazi tatu. Juu alikuwa mtunza kalenda, aliyehesabu siku na kutangaza lini ni Noeli, lini ni Kwaresima, lini watu wasifanye kazi. Chini yake mbatizaji, aliyejua maneno ya ubatizo na kuyatunza yasiharibike. Kisha wajumbe, waliopeleka habari nyumba hadi nyumba. Kazi hizi zilirithiwa. Sala zilifundishwa usiku au wakati wa Kwaresima, kwa mdomo, maana karatasi ilikuwa hatari. Mwaka 1657 kule Omura mdomo mmoja tu ulipolegea, zaidi ya watu 600 walikamatwa na zaidi ya 400 wakakatwa vichwa.

Sala zenyewe zilikuwa mchanganyiko wa Kilatini, Kireno na Kijapani, na kadiri miaka ilivyokwenda maneno yalichakaa hadi wasemaji wenyewe hawakujua maana ya kila neno. Waliendelea kuyasema. Mbele yao waliweka sanamu ya kauri ya Kannon, mungu wa huruma wa Wabudha, anayeonyeshwa kama mwanamke, pengine amebeba mtoto. Ofisa aliyepekua nyumba aliona Kannon. Wenye nyumba waliona Maria. Huko Ibaraki, karibu na Osaka, mwaka 1920 ilipatikana katika nyumba ya familia moja picha ya matendo 15 ya rozari, iliyokuwa imefichwa tangu nyakati za mateso: Maria na Mtoto katikati, matendo yamewazunguka moja baada ya jingine. Asiyejua kusoma angeweza kusali rozari nzima kwa kuitazama.

Sotome kulikuwa na mapokeo ya katekista aliyeitwa Bastian, ambaye kabla ya kuuawa aliwaachia watu wake kalenda ya mwaka wa Kanisa na ahadi: baada ya vizazi saba mapadre watakuja katika merikebu kubwa nyeusi, na watu wataweza kuungama hata kila wiki. Wazee waliirudia ahadi hiyo kwa wajukuu. Vizazi vikahesabiwa.

Merikebu zilikuja kweli, ingawa zilifuata biashara. Japani ilipolazimishwa kufungua bandari zake katika miaka ya 1850, mapadre wa Shirika la Misioni za Nje la Paris waliruhusiwa kuwahudumia wageni tu. Wakajenga kanisa Oura, Nagasaki, likabarikiwa mwezi Februari 1865. Wenyeji walikuja kulishangaa jengo. Ijumaa ya tarehe 17 Machi, kundi la watu wapatao 15 kutoka Urakami lilisimama mlangoni. Padre Bernard Petitjean akawafungulia, akaenda kupiga magoti mbele ya altare. Mwanamke mmoja akamsogelea, mkono kifuani, akamnong'oneza kwamba mioyo yao na wake ni mmoja. Kisha akauliza sanamu ya Santa Maria iko wapi.

Swali hilo limesimuliwa mara nyingi, na kwa haki. Kwa Petitjean aliyeelekea kukata tamaa ya kumpata Mkristo hata mmoja, lilikuwa kama mtu aliyefufuka. Akawapeleka kwenye altare ya pembeni, wakamwona Maria na Yesu mikononi, wakamtambua. Lakini mimi linanivuta zaidi jambo walilolisema baadaye kidogo. Walimweleza kwamba wao huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana, na kwamba sasa wako katika kipindi cha huzuni, siku ya 17. Jumatano ya Majivu mwaka 1865 iliangukia tarehe 1 Machi. Hesabu siku: 17 kamili. Watu ambao hawakuwa wameona kalenda ya Roma tangu enzi za mababu walikuwa ndani ya Kwaresima siku ileile aliyokuwamo padre Mfaransa. Watunza kalenda wa Urakami hawakuwa wamepoteza hata siku moja.

Wiki zilizofuata walikuja wengine kutoka visiwani. Mbatizaji mmoja aitwaye Petro alimhoji Petitjean kwa uangalifu wa hakimu: je, mnamtii mkuu aliyeko Roma? Je, mna wake? Aliposikia kwamba mapadre hawaoi, alifurahi mno. Mababu walikuwa wameacha alama za kumtambua padre wa kweli: Maria, Papa, na useja.

Furaha haikudumu. Mwaka 1867 watu wa Urakami walikataa kuzikwa tena na watawa wa Kibudha, na serikali, ambayo sheria yake ya 1614 ilikuwa bado hai, ikawakamata. Serikali mpya ya Meiji ilipoingia madarakani haikuwaachia. Iliwahamisha kijiji kizima, watu wapatao 3,400, wakatawanywa katika sehemu nyingi za nchi. Huko Tsuwano walizamishwa katika maji ya barafu na kufungiwa ndani ya vizimba ambamo mtu hawezi kunyoosha miguu. Waliosalia walisimulia habari za kijana Yasutaro, aliyewaambia wenzake kabla ya kufa kwamba haoni upweke ndani ya kizimba kwa kuwa usiku humjia mwanamke mwenye mavazi ya buluu, anayefanana na Santa Maria waliyemwona Oura, akazungumza naye. Zaidi ya 600 walifia uhamishoni. Mwaka 1873, baada ya mabalozi wa nchi za Magharibi kupiga kelele kwa miaka, mabango ya marufuku yaliondolewa. Waliobaki wakarudi Urakami, wakakuta nyumba zimeharibika.

Kitu cha kwanza walichokitamani ni kiwanja. Walinunua nyumba ya mkuu wa kijiji, ileile ambayo kila mwaka mpya waliitwa kukanyaga sanamu, na juu ya kiwanja hicho wakaanza mwaka 1895 kujenga kanisa la matofali mekundu. Lilimalizika mwaka 1914 na minara ikaongezwa 1925. Lilisemwa kuwa kanisa kubwa kuliko yote Asia ya Mashariki.

Katika nyumba ya akina Moriyama, karibu na kanisa hilo, alipanga mwanafunzi wa udaktari ambaye hakuwa na dini, Takashi Nagai. Akina Moriyama walikuwa ukoo wa watunza kalenda wa Urakami. Wa mwisho wao katika kazi hiyo, Kichizo, alikamatwa mwaka 1856 akafia gerezani, miaka tisa tu kabla ya mlango wa Oura kufunguka. Nagai alibatizwa mwaka 1934 akamwoa binti wa nyumba ile, Midori. Akawa mtaalamu wa eksirei katika Chuo cha Udaktari cha Nagasaki, na mionzi ikamlipa kwa saratani ya damu, iliyogunduliwa Juni 1945.

Saa 5 na dakika 2 asubuhi tarehe 9 Agosti 1945, bomu la atomiki lililipuka juu ya Urakami, nusu kilomita hivi kutoka kanisa lile la matofali. Ndani watu walikuwa wakiungama kujiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa. Hakutoka mtu. Kati ya Wakatoliki wapatao 12,000 wa Urakami, inakadiriwa 8,500 walikufa. Karne mbili na nusu za shoguni hazikufaulu kuwamaliza kiasi hicho. Nagai, aliyejeruhiwa hospitalini, alifika nyumbani siku kadhaa baadaye. Watoto wake wawili walikuwa wamepelekwa kwa bibi yao milimani. Jikoni alikuta mifupa ya Midori iliyoungua, na kando yake mnyororo na msalaba wa rozari, shanga zimeyeyuka.

Nagai aliandika akiwa kitandani hadi alipokufa tarehe 1 Mei 1951. Kitabu chake kimoja, cha mwaka 1948, alikiita kwa jina la mnyororo huo wa rozari. Katika Misa ya marehemu ya Novemba 1945 alikuwa amesema Urakami ilichaguliwa kuwa sadaka ya kuteketezwa ili vita viishe. Wapo Wakatoliki wa Nagasaki waliofarijika kwa maneno hayo, na wapo, hasa manusura, walioyakataa wakisema yanawaondolea lawama waliotupa bomu na waliopigana vita. Nadhani hao wa pili wana hoja nzito. Lakini Nagai alisema hivyo akiwa mjane, akizungumza na wajane.

Si wote waliorudi Kanisani baada ya 1873. Maelfu, hasa wa Ikitsuki, waliwatazama mapadre wa Ufaransa, wakasikiliza sala zao, wakaona si zile walizoachiwa na mababu. Wakabaki na zao. Chumbani, nyuma ya nyumba, waliendelea kutunza picha zilizofichwa, na vibao vidogo vya mbao vya matendo ya rozari, vilivyogawanywa kwa furaha, uchungu na utukufu. Walipokutana walivuta kibao kama mtu anavyovuta kura, ili kila mmoja ajue tendo lake. Mapadre wa wakati ule waliliita jambo hilo ushirikina. Hata hivyo desturi ya kugawana matendo 15 kati ya watu wa chama kimoja haikubuniwa Ikitsuki; Ulaya nayo iliijua, na mwaka 1826 huko Lyon, Ufaransa, mlei mwanamke, Pauline Jaricot, aliwapanga watu 15 kwa 15, kila mmoja na tendo lake, na Roma ikampa baraka.

Mwaka 2018 UNESCO iliviweka vijiji na makanisa ya Wakristo hao wa siri katika orodha ya urithi wa dunia, na Novemba 2019 Papa Fransisko alisali Nishizaka. Ikitsuki wamebaki wazee wachache wanaojua sala nzima, ambayo huchukua zaidi ya nusu saa kuisema. Vijana wamehamia mijini kutafuta kazi, na hakuna shoguni anayewazuia kusali.